Pale Chembe Sahani Zinaposhuka: Dawa Isimame kwa Muda Gani?

Karatasi ya majibu ya picha kamili ya damu ina mistari mingi, lakini mgonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi, ugonjwa ambao kliniki zetu zote huuita CML, hujifunza mapema kutafuta mstari mmoja tu, ule wa chembe sahani. Mwezi huu 310, mwezi ujao 140, wiki mbili baadaye 46, kisha 90, kisha 210. Namba inapanda na kushuka, na moyo wa mwenye karatasi unakwenda nayo. Wapo wanaoacha dawa siku wanapoiona 46. Wapo pia wanaoacha kwenda kupima kwa sababu hawataki kuiona tena.

Namba hiyo inasema nini hasa, na mtu anayetumia dawa kwa miaka mingi aishi nayo vipi? Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa mgonjwa wa CML aliye katika awamu ya kwanza ya ugonjwa, kushuka kwa chembe sahani katika miezi ya mwanzo ya matibabu ni jambo linalotarajiwa, na mara nyingi hupita. Ninachokihofia zaidi ni kile kinachofuata: dawa kusimamishwa, mgonjwa kurudi kwao, na siku ya kuianza tena isijulikane na mtu yeyote.

CML huanzia kwenye uboho, ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia huko Marekani, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa wa lukemia hii. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha ilikotoka: kipande cha kromosomu ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 vimebadilishana mahali. Panapoungana vipande hivyo huzaliwa jeni mpya, BCR-ABL, ambayo huziamuru seli za damu zizaliane bila kukoma. Siku ya CML Duniani huadhimishwa tarehe 22 ya mwezi wa 9 kwa sababu ya kromosomu hizo mbili. Imatinibu, dawa iliyoidhinishwa Marekani Mei 2001 baada ya majaribio yaliyoongozwa na Brian Druker, huziba kimeng'enya kinachotengenezwa na jeni hiyo. Katika utafiti mkubwa wa IRIS, uliokuwa na wagonjwa 1,106, takriban asilimia 83 ya waliopangiwa kuanza na imatinibu walikuwa hai baada ya miaka 10. Ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache umekuwa ugonjwa wa kuishi nao, kwa kidonge cha kila siku.

Huku kwetu dawa hiyo isingefika mapema kwa bei yake ya dukani. Ilifika kupitia mpango wa kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation, uliowapa wagonjwa Glivec bila malipo, na waliosajiliwa walihudumiwa katika vituo vichache, kama Nairobi Hospital nchini Kenya na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Mambo mawili kuhusu wagonjwa wetu yanabeba sehemu kubwa ya hoja yangu. La kwanza ni umri. Ulaya na Marekani mgonjwa wa CML kwa kawaida ni mtu mzima anayekaribia kustaafu au aliyekwisha kustaafu, lakini katika kliniki za Afrika Mashariki wengi wako katika miaka ya thelathini na arobaini, watu wenye watoto wa shule, shamba, duka, pikipiki ya biashara. La pili ni kuchelewa. Wengi hufika bandama ikiwa imevimba hadi kuvuka kitovu, baada ya kutibiwa malaria na vidonda vya tumbo kwa miezi.

Chembe sahani zenyewe ni vipande vidogo sana vinavyomeguka kutoka kwa seli kubwa za uboho, na kazi yake kuu ni kuziba mshipa unapopasuka. Huishi siku 8 hadi 10 tu, kwa hiyo uboho hauna likizo. Karibu theluthi moja hukaa kwenye bandama muda wote, na bandama ikivimba inaweza kuficha nyingi zaidi ya hapo. Kiwango cha kawaida ni kati ya 150 na 450, ingawa kuna watu wazima wengi wenye afya hapa Afrika ambao huwa chini kidogo ya 150 maisha yao yote. Maabara nyingine huandika 150, nyingine 150,000, kwa sababu zinatumia vipimo tofauti vya ujazo wa damu. Aliyezoea kusomewa 180 kisha akaenda maabara nyingine akaandikiwa 95,000 anaweza kudhani zimepanda zaidi ya mara mia tano, kumbe zimeshuka hadi karibu nusu. Jambo dogo hilo lingeelezwa kwa dakika moja siku ya kwanza ya kliniki.

Sasa, kwa nini dawa nzuri ishushe chembe sahani? Jibu liko katika hali ya uboho kabla ya dawa. Mtu anapogundulika, sehemu kubwa ya damu yake, zikiwemo chembe sahani, inatoka kwenye ukoo wa seli zenye BCR-ABL. Ndiyo maana wengine hufika hospitali wakiwa na chembe sahani 600, wengine zaidi ya 1,000. Seli mama zisizo na ugonjwa zipo, lakini zimebanwa. Imatinibu ikianza kuufyeka ukoo ule, chembe sahani zilizokuwa zikitoka humo nazo hukatika. Ni kama shamba lililomezwa na magugu: palizi ikipita, ardhi hubaki tupu, na mahindi yaliyokuwa yamefunikwa huhitaji majuma kadhaa kabla ya kuonekana. Kipindi hicho ndicho karatasi inachokiandika 46.

Katika IRIS, walioshuka chini ya 50 hawakufika mmoja kati ya kumi. Kwa wanaoanza dawa ugonjwa ukiwa umeshaingia awamu ya pili, ile ya kuchacharika, huwa ni zaidi ya mmoja kati ya watatu. Uboho uliokaliwa muda mrefu una seli nzima chache za kuanzia upya, kwa hiyo shimo la chembe sahani huwa refu na kupanda kwake huchukua muda zaidi. Kwa nchi ambazo wagonjwa hufika wamechelewa, hii ina maana kwamba tutaliona shimo hilo mara nyingi kuliko wanavyoliona waandishi wa miongozo ya Ulaya, na tunapaswa kujipanga kwa ajili yake. Maelekezo ya dawa yanataka damu ipimwe kila wiki katika mwezi wa kwanza, kila baada ya wiki mbili katika mwezi wa pili, kisha kila miezi miwili au mitatu kadiri inavyohitajika. Ratiba hiyo imewekwa kwa ajili ya shimo hilohilo.

Ugumu ni kwamba namba ileile inaweza kuwa na maana iliyo kinyume kabisa. Chembe sahani 60 katika wiki ya tano ya dawa, kwa mtu ambaye chembe zake nyeupe zimeshuka kutoka 200 hadi 4 na bandama yake imerudi chini ya mbavu, ni ishara kwamba dawa inafanya kazi. Chembe sahani 60 katika mwaka wa nne, kwa mtu ambaye bandama inavimba upya, chembe nyeupe zinapanda na maabara inaona seli changa ambazo hazipaswi kuwepo, ni onyo kwamba ugonjwa unabadilika. Shirika la Afya Duniani, katika vigezo vyake vya mwaka 2016, lilihesabu chembe sahani zinazobaki chini ya 100 bila kusababishwa na dawa kuwa mojawapo ya dalili za awamu ya pili. Zinazobaki juu ya 1,000 licha ya matibabu nazo zimo katika vigezo hivyohivyo. Kwa hiyo anayeuliza "46 ni mbaya?" bila kusema ni mwezi wa ngapi wa dawa, bandama iko wapi na mistari mingine ya karatasi inasomaje, bado hajauliza swali linalojibika.

Kipimo kinachotenganisha hali hizi mbili vizuri zaidi ni kile cha BCR-ABL yenyewe. Malengo yanayotumika katika miongozo ya Ulaya ni kwamba kiwango chake kiwe kimeshuka hadi asilimia 10 au chini baada ya miezi 3, asilimia 1 baada ya miezi 6, na asilimia 0.1 baada ya mwaka. Mgonjwa ambaye chembe sahani zake zinayumba huku BCR-ABL ikishuka kwa mpangilio huo hana sababu ya kukata tamaa. Zamani sampuli za namna hii zilihitaji kusafirishwa mbali. Siku hizi mashine za GeneXpert, zilezile zinazopima kifua kikuu, zina katriji ya kupima BCR-ABL. Mashine zipo katika hospitali nyingi. Pengo liko kwenye katriji, na kwenye uamuzi wa nani azilipie. Hapo ndipo ningetaka wapangaji wa bajeti za afya waweke macho, kwa sababu bila kipimo hicho daktari analazimika kuusoma ugonjwa kupitia chembe sahani, nazo ni shahidi anayeathiriwa na mambo mengi.

Kanuni ya imatinibu kwa mgonjwa wa awamu ya kwanza iko wazi. Chembe sahani zikishuka chini ya 50, au chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu zikishuka chini ya 1.0, dawa husimamishwa hadi chembe sahani zifike angalau 75 na hizo nyeupe 1.5. Kisha dawa huanza tena kwa miligramu 400 zilezile. Zikishuka tena, husimamishwa tena, na safari hiyo mgonjwa hurudi na miligramu 300. Chini ya 300 kwa mtu mzima madaktari hawapendi kushuka, kwa sababu dozi ndogo mno inaupa ugonjwa nafasi ya kujifunza kuikwepa dawa. Kwa awamu zilizozidi kanuni ni nyingine: mara nyingi dawa huendelea hata namba ikiwa chini sana, maana huko hatari ya ugonjwa ni kubwa kuliko ya kutokwa damu. Mgonjwa mmoja asiige maelekezo ya mwenzake waliyekutana benchi la kliniki, hata kama namba zao zinafanana.

Kanuni hiyo iliandikwa na watu waliodhani mgonjwa atarudi kupima baada ya wiki moja. Chukua mkulima wa Kasulu anayehudhuria kliniki Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka nyumbani. Ameambiwa chembe sahani ni 46, asimamishe dawa, arudi baada ya wiki mbili. Nauli ya kwenda na kurudi ni mauzo ya magunia. Atakaa kwa ndugu Mbagala wiki mbili? Hawezi, ni msimu wa kupanda. Anarudi Kasulu na mkebe wake wa vidonge umefungwa. Wiki ya pili yuko shambani, na anajisikia mzima kuliko alivyokuwa akitumia dawa, kwa sababu kichefuchefu, uvimbe wa macho na kukakamaa kwa misuli vimekwisha. Chembe sahani zake huenda zilishafika 75 siku ya kumi. Lakini hakuna aliyezihesabu. Anarudi kliniki mwezi wa tatu, na sasa bandama inashikika tena kwa mkono.

Hakuna mtu mzembe katika mkasa huo. Daktari amefuata mwongozo, mgonjwa amefuata daktari. Kilichokosekana ni agizo kamili. Agizo la kusimamisha dawa linapaswa kutaja tarehe ya kupima, mahali pa kupima palipo karibu na nyumbani, namba ambayo mgonjwa akiifikia anaanza dawa, na simu ya kuuliza. Picha kamili ya damu hupimwa katika hospitali nyingi za wilaya, na kwa gharama ndogo ukilinganisha na nauli ya mikoa mitano. Mgonjwa anaweza kupima kwao, akaipiga picha karatasi kwa simu, akaituma kwa muuguzi wa kliniki, akajibiwa "anza kesho, vidonge kama kawaida." Kliniki zinazofanya hivyo zinaokoa dawa ambayo tayari imeshaletwa nchini. Zisizofanya hivyo zinamwacha mgonjwa peke yake na neno "simamisha", ambalo halina mwisho.

Kabla ya kusimamisha, hata hivyo, kuna haja ya kuuliza kama namba ni ya kweli. Kichupa chenye kizibo cha zambarau kina kemikali ya kuzuia damu isigande, na kwa watu wachache kemikali hiyo huzifanya chembe sahani zishikamane. Mashine huhesabu kifungu cha chembe ishirini kama kitu kimoja, au isikihesabu kabisa, ikatoa 40 kwa mtu mwenye 180. Damu iliyovutwa kwa shida, au iliyochelewa kuchanganywa na kemikali, hufanya mambo yaleyale. Dawa ya tatizo hili ni mtaalamu wa maabara kutazama tone la damu kwenye hadubini, au kurudia kipimo kwa kichupa chenye kizibo cha buluu. Namba iliyoporomoka ghafla kwa mtu asiye na alama yoyote mwilini inastahili kurudiwa kabla haijatikisa matibabu.

Halafu kuna malaria. Katika nchi zetu malaria ni mojawapo ya sababu za kawaida kabisa za chembe sahani kushuka kwa mtu yeyote, na hurudi zenyewe siku chache baada ya vimelea kuuawa. Mgonjwa wa CML aliyeshuka hadi 60 akiwa na homa na maumivu ya viungo apimwe malaria siku hiyohiyo kabla ya kulaumu imatinibu. Dengi, ambayo imewahi kuitesa Dar es Salaam na Mombasa, hushusha chembe sahani vilevile, wakati mwingine vibaya sana. Bandama iliyovimba kwa kichocho cha tumbo, kama ilivyo kwa baadhi ya watu wa kando ya Ziwa Victoria, huendelea kuzishikilia hata CML ikiwa imedhibitiwa. Kwinini inaweza kuzishusha ghafla kwa watu wachache, na Septrin inayotumiwa muda mrefu nayo inaweza kuchangia.

Dawa nyingine hazigusi chembe sahani moja kwa moja, bali zinagusa imatinibu. Rifampisini ya kifua kikuu huifanya imatinibu ivunjwe haraka kwenye ini hadi kiwango chake katika damu kinaporomoka, na mgonjwa anakuwa kama anayekunywa robo ya dozi. Ketokonazoli na balungi hufanya kinyume, huirundika. Anayetumia nilotinibu, dawa nyingine ya CML, amkumbushe tabibu jina la dawa yake kabla ya kupewa dawa ya mseto ya malaria, kwa sababu zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Karatasi yenye jina la ugonjwa na dawa zote, ikikaa pamoja na kitambulisho, inamsaidia hata yule mganga wa zahanati ambaye hajawahi kuona mgonjwa wa CML.

Mwili nao una namna yake ya kusema, na ningependa wagonjwa waufahamu kuliko wanavyoifahamu karatasi. Juu ya 50, kutokwa damu bila sababu ni nadra. Kati ya 20 na 50, damu huvilia chini ya ngozi kwa kugongwa kidogo, fizi hutoka damu wakati wa kupiga mswaki, na hedhi hurefuka. Chini ya 20, na hasa chini ya 10, damu inaweza kutoka yenyewe. Vidoa vidogo vyekundu kama ncha ya kalamu vinavyotokeza miguuni na havipotei ukivibonyeza, muhina usiokoma kwa robo saa, choo cheusi kama lami, damu kwenye mkojo, maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida: mojawapo likitokea, safari ni ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama karatasi ya juzi ilisoma 80. Homa nayo ni hivyo hivyo, kwa kuwa chembe nyeupe mara nyingi hushuka pamoja na chembe sahani. Wanaotumia dasatinibu, nayo dawa ya CML, wawe waangalifu zaidi, maana dawa hiyo, mbali na kupunguza idadi, hudhoofisha utendaji wa chembe sahani zilizobaki.

Maumivu ya mifupa na misuli ni ya kawaida katika matibabu haya, na hapo duka la dawa la mtaani huleta hatari. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huuzwa kama pipi, na zote huzuia chembe sahani kufanya kazi yake. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo ya kuanzia. Chembe zikiwa chini, sindano za msuli ziepukwe pale ambapo kuna njia ya mshipa au kidonge. Jino lisubiri hadi namba ipande juu ya 50, na daktari wa meno aambiwe kabla, si baada. Kuna jambo la pwani ambalo miongozo ya kigeni hailitaji: kuumika, au hijama. Watu wengi wanaiamini, na sina ugomvi na imani yao, lakini kuchanja ngozi na kuvuta damu kwa mtu mwenye chembe sahani 40 kunaweza kuishia wodini. Chale za mganga ni vivyo hivyo. Anayeumika na afahamishwe, naye, kama ni mtu wa kazi yake, ataahirisha.

Kwa wanawake hedhi ndiyo mahali shimo hilo huonekana kwanza, na ndiyo jambo wanaloona haya kulisema mbele ya daktari mwanamume. Pedi inayojaa kila saa, au siku zinazopita saba, ni taarifa ya kitabibu sawa na namba yoyote ya maabara. Kuna vidonge vya kupunguza damu hiyo. Na damu inayopotea miezi mfululizo huleta upungufu wa madini ya chuma, ambao, ajabu yake, una tabia ya kuzipandisha chembe sahani. Mama anaweza kuonekana amepona kwenye mstari mmoja wakati himoglobini yake inazama kwenye mstari wa juu yake.

Hilo linanileta kwenye rozela, matembele na juisi ya majani ya mpapai. Nyumba nyingi zikisikia "damu imepungua" huanza kuchemsha rozela na kupika matembele, kwa upendo wote. Lakini maneno hayo mtaani humaanisha upungufu wa chembe nyekundu, zenye himoglobini na madini ya chuma, na mboga hizo haziujui uboho uliofyekwa na imatinibu. Kula vizuri kunamsaidia mgonjwa kuvumilia dawa, na hilo linatosha kuwa sababu ya kupika. Majani ya mpapai yalipata umaarufu wakati wa dengi. Kumpa mgonjwa wa CML, ambaye dawa yake huvunjwa kwenye ini na kugongana na vitu vingi, ni kuongeza kitu kisichopimwa juu ya kitu kinachopimwa kwa miligramu. Mama mkwe aliyechemsha hahitaji kukaripiwa. Mwalike kliniki amsikie daktari mwenyewe.

Kuongezewa chembe sahani kupo, lakini ni msaada wa siku chache. Hutunzwa kwa nyuzijoto 20 hadi 24 zikitikiswa muda wote, hazidumu zaidi ya siku 5 hadi 7, na dozi moja ya mtu mzima hukusanywa kutoka kwa damu ya wachangiaji kadhaa. Hospitali kubwa ndizo zinazoweza. Kwa mgonjwa wa CML anayesubiri uboho wake uamke, hutumika pale anapotokwa damu au namba inapofika chini mno.

Upande wa pili wa kuyumba ni kupanda, na watu wengi hukufurahia bila kuuliza. Chembe sahani zilizokuwa 220 kwa mwaka mzima zikifika 520 kisha 700, swali la kwanza la daktari litakuwa kuhusu vidonge, na mgonjwa ajibu ukweli bila kuogopa. Mwaka 2010 David Marin na wenzake wa London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 87 kwa vikopo vya dawa vilivyorekodi kila vilipofunguliwa. Waliokunywa asilimia 80 ya vidonge au pungufu, hakuna hata mmoja aliyefikia kiwango cha BCR-ABL kinachotakiwa. Asilimia 80 ni kukosa kidonge siku sita kwa mwezi, idadi inayofikiwa kirahisi na mtu anayesafiri, anayefunga, anayegawana dawa na ndugu mwenye ugonjwa uleule, au anayebana matumizi kwa kuwa hajui shehena ijayo itafika lini. Katika Ramadhani imatinibu haina ugomvi na saumu ya mtu aliyeruhusiwa na daktari kufunga: ni mara moja kwa siku, pamoja na chakula kikubwa na glasi kubwa ya maji, kwa hiyo futari inatosha. Chembe zinazopanda wakati vidonge havikosekani ni habari nyingine, na hiyo inataka BCR-ABL ipimwe bila kuchelewa. Zikivuka 1,000 kwa mbali, kuna hatari ya damu kuganda mishipani na, kwa namna inayowashangaza wengi, ya kutokwa damu pia.

Wagonjwa husema siku mbili kabla ya majibu ndizo mbaya kuliko majibu yenyewe. Naamini sehemu ya mateso hayo hutokana na kuiona namba moja ikiwa peke yake. Daftari la kurasa chache, lenye tarehe, chembe sahani, chembe nyeupe, himoglobini, dozi ya siku hiyo, na neno moja kuhusu mwili, kama "homa", "hedhi nzito", "safari" au "nzima", hubadilisha mazungumzo ya chumba cha daktari. Mtu anaonyesha mstari wa miezi minane, na 46 inaonekana ilivyo, shimo kati ya vilima viwili. Na daktari mpya, kwa kuwa madaktari hubadilika mara kwa mara katika hospitali zetu, hapati tena kisingizio cha kuanza upya. Mume, mke au mtoto mkubwa alijue daftari hilo, maana siku mgonjwa akizidiwa yeye ndiye atakayelibeba.

Baada ya mwaka wa kwanza kwa wengi namba hutulia, vipimo hupungua hadi kila miezi mitatu, na mazungumzo huhamia kwenye BCR-ABL. Na kuna wachache, waliotumia dawa kwa miaka mingi na ambao jeni hiyo imeshuka hadi karibu isionekane kwa angalau miaka miwili mfululizo, wanaoruhusiwa kuacha dawa kabisa. Karibu nusu yao hubaki salama. Kwa nusu nyingine ugonjwa hurudi, mara nyingi ndani ya miezi sita ya kwanza, na karibu wote hutulia tena dawa ikirudishwa mapema. Lakini ruhusa hiyo ina sharti ambalo yule mkulima wa Kasulu hakuwahi kupewa: BCR-ABL hupimwa kila mwezi katika miezi sita ya kwanza, tarehe zikijulikana, na jibu likirudi haraka. Pale ambapo katriji haipatikani kila mwezi, mgonjwa anabaki kwenye dawa yake.